Spidi ya pikapu na lita za dizeli, Malindi hadi Kongowea

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha pikapu ya mjomba wangu, Toyota Hilux ya dizeli, kebini moja, gia tano. Msimu wa maembe tunapakia Magarini, kaskazini mwa Malindi, na kuteremsha soko la Kongowea, Mombasa, kisha narudi tupu au na bidhaa chache za duka. Mjomba hataki nizidi 60, asema spidi ndiyo inayokunywa mafuta. Mimi nasema nikienda 110 nafika mapema na injini inazimwa mapema, kwa hiyo inakunywa kidogo. Tena injini huwa nyepesi ikishachanganya. Nani ana haki? Na je, nikishusha mlango wa nyuma wa bodi upepo upite, nitaokoa mafuta? – Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kila mmoja wenu ameshika kipande cha ukweli, ila kipande cha mjomba ni kikubwa kuliko chako. Mimi ningekupa 80, gia ya tano, mguu umetulia. Najua jibu hilo pekee halitamaliza ubishi nyumbani, kwa hiyo nitakueleza limetoka wapi.

Gari likiwa kwenye mwendo mmoja, barabara tambarare kama yetu ya pwani, vitu viwili ndivyo vinavyolivuta nyuma. Kimoja ni matairi. Tairi hubonyea kila linapokutana na lami, kisha hurudi umbo lake, na katika kule kubonyea na kurudi kuna nguvu inayopotea kuwa joto. Liguse tairi ukifika Kongowea utalihisi. Mvuto huu hutegemea uzito uliopakia na upepo uliojaza, na haubadiliki sana ukienda pole au mbio. Cha pili ni hewa, na hapa ndipo mambo yote yalipo. Hewa haioni kama umebeba maembe au umerudi tupu. Inaangalia umbo la gari na mwendo wake tu, na hesabu yake ni kali: ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakuvuta nyuma mara nne.

Nimepiga hesabu ya pikapu kama yako ikiwa na mzigo, jumla ya kilo 2,800 hivi pamoja na gari lenyewe. Ni makadirio, maana kila bodi na kila tairi ina tabia yake, lakini makadirio ya aina hii hayaendi mbali na kweli. Matairi yanakuvuta nyuma kwa nguvu inayotosha kunyanyua mzigo wa kilo 33 au 34, uwe kwenye 60 au 110. Hewa kwenye 60 inakuvuta kwa nguvu ya kilo 20. Kwenye 80, kilo 35, yaani hapo hewa na matairi yamelingana. Kwenye 110, kilo 67. Umeongeza kilomita 30 tu kwenye kipimo, na hewa imekaribia kujizidisha mara mbili. Kuanzia 80 kwenda juu, kwa hiyo, sehemu kubwa ya dizeli yako haibebi maembe. Inasukuma hewa kando.

Sasa hoja yako ya kufika mapema. Si hoja ya kudharauliwa. Injini ina mafuta yake ya kujizungusha tu, kabla hata haijalisogeza gari: pistoni zinasuguana, pampu ya maji inazunguka, altaneta inazunguka. Injini ya dizeli ya ukubwa wa yako ikiunguruma gari limesimama hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Ukienda polepole mno, mafuta hayo ya kujizungusha yanagawanywa kwa kilomita chache, na kila kilomita inakuwa ghali. Ndiyo sababu foleni ya Mtwapa inakuumiza ingawa kipimo cha spidi hakivuki 15. Kwa hiyo ni kweli kwamba muda una bei. Lakini muda unaookoa kwa kupandisha spidi hupungua kila unapozidi kupanda, na mvuto wa hewa huongezeka kila unapozidi kupanda. Mahali fulani hasara inaizidi faida, na kwa pikapu nyingi ni kabla ya 80, si baada yake. Ukiwa 110 umeshapita mbali.

Na huo wepesi unaouhisi? Naujua, kila dereva wa dizeli anaujua. Injini ikishachanganya, tabo (turbo) inasukuma hewa vizuri, gari linaitika ukigusa mafuta kidogo tu, na mguu unaona kazi imekwisha. Mguu unapima namna injini inavyoitika. Haupimi lita. Kwenye 80, kuipasua hewa peke yake kunahitaji kama nguvu za farasi 10 kwenye matairi. Kwenye 110 kunahitaji kama farasi 27. Injini inaweza kuzitoa bila kulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kunakokudanganya.

Hili si jambo la kwetu peke yetu wala la jana. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipoizuilia Marekani mafuta, Wamarekani walipitisha sheria iliyotiwa saini Januari 1974, ikaweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, kama kilomita 88 hivi. Sababu ilikuwa kuokoa mafuta. Kikomo hicho cha taifa kiliondolewa kabisa mwaka 1995. Baadaye maabara ya taifa ya Oak Ridge, huko huko Marekani, ilichunguza magari 74 ya aina mbalimbali. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 97, umbali yanaokwenda kwa kiasi kile kile cha mafuta ulipungua kwa asilimia 12 na kitu, kwa wastani. Kutoka 97 kwenda 113, ukapungua tena kwa asilimia 14. Angalia kwamba hatua ya pili inauma kuliko ya kwanza ingawa ukubwa wake ni ule ule. Kwetu sisi, spidi gavana ya 80 kwenye matatu iliyokuja na sheria za waziri Michuki mwaka 2004 ilikuwa ya kuokoa roho za watu, lakini tangi nalo lilifaidika.

Turudi kwenye safari yako. Kutoka Malindi hadi Kongowea ni kama kilomita 115. Mtu husema, nikienda 110 badala ya 80 nitaokoa karibu dakika 25. Kwenye karatasi ni kweli. Barabarani, sivyo. Una matuta ya Gede na Matsangoni, una mji wa Kilifi, una Kikambala, una Mtwapa ambayo humeza muda wa kila mtu sawasawa, una Bamburi. Ndani ya miji sheria inakutaka 50. Tuseme nafasi ya kweli ya kukimbia ni kilomita 70, hasa ule ubavu wa msitu wa Arabuko-Sokoke na yale mashamba ya mkonge ya Vipingo. Katika kilomita 70 hizo, 110 inakutangulizia dakika 14 mbele ya 80, na kwa hesabu yangu inakugharimu karibu lita 2 zaidi kwenda peke yake. Mara nyingi hata dakika hizo 14 huzipati, kwa sababu gari ulilolipita Vipingo utalikuta tena ubavuni mwako Mtwapa.

Halafu chukua mwendo wa mjomba. Katika kilomita zile zile 70, mtu wa 60 anaokoa karibu lita moja kuliko mtu wa 80, na anachelewa dakika 17 au 18. Kwa hiyo mjomba hakukosea. Kwa lita tupu, 60 ni nafuu kuliko 80. Mimi nakataa 60 kwa sababu mbili. Kwanza, barabara ile ina mabasi na malori, na pikapu inayojikokota kwenye 60 huwapanga magari nyuma yake hadi mtu aliyechoka kusubiri anaamua kupita mahali pabaya. Lita moja haina thamani hiyo. Pili, naomba umuulize mjomba kwa adabu yuko gia gani akienda 60. Wazee wengi wanaopenda mwendo mdogo hubaki gia ya tatu ili gari “lisichoke”, na hapo injini inazunguka mbio bila sababu na kila alichookoa kwenye hewa kinarudi kwenye pistoni. Kwenye 60 na mzigo, gia ya nne inatosha. Ya tano ikianza kutetema, ishushe, usiilazimishe. Kwenye 80 gia ya tano inakaa vizuri, injini ikizunguka kama mara 2,000 kwa dakika, na hapo ndipo dizeli ya aina hii hupenda kufanya kazi.

Jambo ambalo hamkuliuliza, na ambalo kwenye barabara hii lina uzito karibu sawa na spidi yenyewe, ni breki. Pikapu ya kilo 2,800 ikiwa kwenye 110 imebeba nguvu uliyoinunua kwa dizeli. Ukikanyaga breki mbele ya tuta, nguvu yote hiyo inageuka joto kwenye breki zako na huipati tena. Kuirudisha baada ya tuta kunahitaji kama mililita 100 za dizeli. Ni kikombe cha kahawa chungu kilichojaa pomoni, na unakimwaga kwenye kila tuta. Ukifika tuta lile lile ukiwa 80, unamwaga karibu nusu yake tu. Na ukiliona tuta kutoka mbali, ukaachia mafuta mapema gari likajipunguza lenyewe, unamwaga kidogo zaidi. Dereva wa 110 anaumia mara mbili: hewa inamla katikati ya matuta, na matuta yanamla katikati ya hewa. Hesabu matuta ya siku moja kwenda na kurudi uone vikombe vinavyomwagika.

Hapo pia nitoe ombi. Ukiachia mafuta, acha gia ndani. Wapo wanaotia nyutro kwenye mteremko wa kuingia daraja la Kilifi wakidhani wanaokoa. Gia ikiwa ndani na mguu umetoka kwenye mafuta, matairi ndiyo yanayozungusha injini na pampu inakata dizeli. Ukitia nyutro, injini lazima ijilishe yenyewe isizimike. Unapoteza mafuta na unapoteza msaada wa injini katika kusimamisha gari lenye mzigo. Hakuna faida hata moja.

Mlango wa nyuma sasa. Hapana, usiushushe. Mantiki ya kuuacha wazi “upepo upite” inaonekana safi, lakini hewa haipiti hivyo. Inaporuka juu ya kebini na mlango ukiwa umefungwa, sehemu yake hushuka ndani ya bodi na kujizungusha humo, na ile inayofuata hupita juu yake kana kwamba bodi ina kifuniko. Ukishusha mlango unauvunja mzunguko huo, na mara nyingi mvuto unaongezeka kidogo badala ya kupungua. Tena utadondosha kreti. Ukirudi tupu, funga mlango tu uende zako.

Kinachokuumiza ni kile kinachozidi paa la kebini. Kreti za maembe zilizopangwa hadi juu ya kebini zinaiongezea gari paji la uso, na hewa inakulipisha kwa kila sentimita ya paji hilo. Ukiweza, panga kreti upana na urefu wote wa bodi kabla hujaanza kupanda juu. Zikilazimika kupanda, zisogeze zikaribie kebini, na safu ya nyuma iwe fupi kuliko ya mbele. Turubai lifungwe likakaza kama ngozi ya ngoma. Turubai linalopigapiga lina kelele, na kelele hiyo ni dizeli yako inayoondoka. Keria ya juu kama huitumii, ivue. Najua maembe yanahitaji hewa yasiive njiani, kwa hiyo acha nafasi upande wa nyuma, sio mbele ambako upepo unaingia na kuliinua turubai.

Tena kuna kitu ambacho nyinyi wa Malindi mnacho na madereva wa bara hawakijui vizuri, nacho ni msimu wa pepo. Gari linalipa kwa mwendo wake ndani ya hewa, si kwa mwendo wake juu ya lami. Ukiwa 80 na upepo wa kilomita 20 kwa saa unakujia usoni, hewa inakutoza bei ya 100. Ukikusukuma mgongoni, inakutoza bei ya 60. Ukienda Mombasa unaelekea kusini na kidogo magharibi, kwa hiyo kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, hukushika mgongoni, na kusi, upepo wa kutoka kusini, hukupiga ubavu wa kushoto kwa mbele. Msimu mkubwa wa maembe huangukia kaskazi, na hiyo ni bahati yenu: unakwenda umepakia na upepo unakusaidia, unarudi tupu ukipambana nao. Usidhani kwenda na kurudi vinafutana, lakini. Kwa sababu ya ile hesabu ya mara nne, unachopoteza ukiukabili upepo ni kikubwa kuliko unachopata ukiwa mbele yake. Kwa hiyo siku ya kaskazi kali, wakati wa kurudi, shusha hadi 70. Huna maembe ya kuwahisha, na utaona tofauti. Ulipo msitu wa Arabuko-Sokoke miti inakukinga. Vipingo kwenye mkonge hakuna cha kukukinga, na gari lenye mzigo mrefu huyumba, basi hapo punguza hata kama dizeli ni ya bure. Ukipata mzigo wa kwenda Garsen siku moja utakumbuka maneno haya, maana baada ya Gongoni kuna sehemu ndefu zilizo wazi na mguu hutamani kushuka.

Upepo wa matairi upime asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa baridi, na ufuate kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukiwa na mzigo, matairi ya nyuma yanataka zaidi ya ukiwa tupu. Kuhusu AC, mjini fungua madirisha, na ukishafika 80 funga madirisha uwashe AC ukitaka. Tofauti ni ndogo, na dereva aliyepikika kwa joto huendesha vibaya.

Usikubali hesabu zangu kwa imani. Zipime. Jaza tangi Malindi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, nenda Kongowea na urudi kwa mwendo wa 80, kisha jaza tena kituo kile kile, pampu ile ile, mpaka ijikate. Gawa lita ulizojaza kwa kilomita ulizokwenda, uzidishe kwa 100. Natarajia uone lita 7 au 8 hivi kwa kilomita 100, pengine zaidi kidogo kwa ajili ya foleni na matuta. Rudia wiki nyingine kwa 60 ya mjomba, mzigo uwe ule ule. Halafu wiki nyingine kwa 100, ambayo ni ya juu kuliko ninavyopenda lakini inatosha kuonyesha, wala huhitaji 110. Kipimo cha spidi kwenye dashibodi mara nyingi huonyesha zaidi kidogo ya mwendo wa kweli, kwa hiyo mwombe mtu aliyekaa pembeni yako aangalie simu yenye ramani, wewe uangalie barabara. Zote tatu zifanye ndani ya msimu mmoja wa pepo, la sivyo utakuwa unapima kusi na kaskazi badala ya kupima mguu wako. Na andika lita, usiandike shilingi, kwa sababu EPRA, wanaopanga bei ya mafuta Kenya, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na mjomba akikuta pesa zimebadilika mtaanza ubishi mwingine.